Uongo Ulioingia Wodini



Mwezi huu tunaomba tuache kidogo mazungumzo yetu ya kawaida ya lishe, homa na malezi, tusafiri hadi Moscow, mji mkuu wa Urusi, katika majira ya baridi ya mwaka 1953. Huenda mama mmoja akauliza, Moscow ina nini na jiko langu? Tunamwomba asome hadi mwisho, kisha aamue mwenyewe.

Sisi tuliosomea uuguzi tunajua jambo moja ambalo halimo katika chupa yoyote ya dawa. Mama akija kliniki humfungua mtoto mdomo ili apewe matone, au humshika mguu ili achomwe sindano. Hajui kilichomo ndani ya bomba lile. Siye aliyeichanganya dawa ile. Anachokijua ni kwamba huyu aliyevaa sare anamtakia mtoto wake mema. Imani hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Ikiondoka, dawa nyingine zote zitabaki kabatini.

Sasa tufikiri. Itakuwaje serikali yenyewe, kwa gazeti na kwa redio, ikiwatangazia wananchi kwamba madaktari wanawaua wagonjwa kwa makusudi? Na itakuwaje ikiwaonyesha kwamba wauaji hao wengi wao ni watu wa asili moja, ili kila mwenye asili hiyo atazamwe kwa jicho la woga? Hayo ndiyo yaliyowapata madaktari Wayahudi wa Urusi.

TANGAZO LA TAREHE 13 JANUARI

Wakati ule Urusi na nchi kadhaa jirani zilikuwa dola moja kubwa iliyoitwa Muungano wa Kisovieti. Chama kilikuwa kimoja, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mtu mmoja, Joseph Stalin. Gazeti la chama liliitwa Pravda, neno ambalo kwa Kirusi maana yake ni Ukweli.

Tarehe 13 Januari 1953 gazeti hilo la Ukweli lilichapisha uongo mkubwa. Lilisema kwamba polisi wa siri wamegundua kundi la madaktari waliokuwa wakiwapa viongozi wa nchi matibabu mabaya makusudi ili kufupisha maisha yao. Yalitajwa majina 9, na 6 kati yao walikuwa Wayahudi. Walidaiwa kuwa wamewaua viongozi wawili wa chama, Alexander Shcherbakov aliyefariki mwaka 1945 na Andrei Zhdanov aliyefariki mwaka 1948. Ikaongezwa kwamba wengi wao walitumwa na majasusi wa Marekani kupitia shirika la Kiyahudi la misaada liitwalo Joint. Shirika hilo kazi yake kwa kweli ilikuwa kuwasaidia wakimbizi na wahitaji.

Watu hawa walikuwa nani? Wa kwanza kutajwa alikuwa Profesa Miron Vovsi. Katika vita vya kupigana na Hitler yeye ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa magonjwa ya ndani katika jeshi la nchi yake. Mwingine, Vladimir Vinogradov, hakuwa Myahudi. Alikuwa daktari wa Stalin mwenyewe. Mwaka 1952 alimpima Stalin akamshauri apumzike kazi, kwa kuwa afya yake ilikuwa imedhoofika. Kwa mzee yule aliyemshuku kila mtu, ushauri wa daktari ulisikika kama njama ya kumwondoa kwenye kiti. Novemba mwaka huohuo Vinogradov alikamatwa.

Na katika wale 9, wawili walikuwa wamekwisha kufa siku gazeti lilipotoka. Profesa Yakov Etinger alifia gerezani Machi 1951, na Profesa Mikhail Kogan alifariki kwa ugonjwa mwaka huohuo. Marehemu wakatangazwa kuwa wauaji, nao hawana kinywa cha kujibu.

UONGO ULIKUWA NA MIZIZI

Akina mama wanaolima wanajua kwamba gugu haliliki kwa kulikata majani. Tuitazame mizizi.

Tangu mwaka 1932 wananchi wa mijini katika nchi ile walipewa hati ya utambulisho, na katika mstari wake mmoja iliandikwa asili ya mtu. Myahudi aliandikwa Myahudi hata kama hajawahi kukanyaga sinagogi. Madaktari wengi tunaowataja hapa hawakuwa watu wa dini. Hilo halikuwasaidia. Hati ilisema, na mlangoni kwa mwajiri karani aliangalia mstari ule kwanza.

Baada ya vita Stalin alizidi kuwashuku Wayahudi, hasa baada ya taifa la Israeli kuundwa mwaka 1948 na Wayahudi wa Moscow kulifurahia waziwazi. Januari mwaka huo mwigizaji wao mashuhuri, Solomon Mikhoels, aliuawa na polisi wa siri katika mji wa Minsk, ikatangazwa kuwa ni ajali ya gari. Akazikwa kwa heshima zote. Miaka mitano baadaye gazeti lilelile lilimtaja kuwa jasusi, na Profesa Vovsi alikuwa binamu yake. Basi undugu nao ukawa ushahidi.

Hapo kati kuna mwanamke mmoja ambaye tungependa kila binti anayesoma sayansi amjue. Jina lake ni Lina Stern. Alisoma na kufundisha Geneva, akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika chuo kikuu cha mji ule, mwaka 1918. Mwaka 1925 alihamia Moscow kwa hiari yake. Alichunguza namna ubongo unavyokingwa usiingiliwe ovyo na vitu vilivyomo katika damu. Mwaka 1939 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe kamili wa Chuo cha Taifa cha Sayansi. Baada ya vita alijitahidi watoto wenye kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo watibiwe kwa streptomycin, dawa iliyokuwa mpya na adimu mno. Muuguzi yeyote aliyewahi kumwona mtoto mwenye ugonjwa huo, shingo imekakamaa na macho hayamtambui mama yake, anaelewa maana ya jitihada hiyo.

Januari 1949 Lina Stern alikamatwa, akiwa amepita umri wa miaka 70. Alishtakiwa pamoja na viongozi wenzake wa kamati ya Wayahudi iliyokuwa imeundwa wakati wa vita kumpinga Hitler. Tarehe 12 Agosti 1952 wenzake 13 walipigwa risasi. Miongoni mwao alikuwa Boris Shimeliovich, mganga mkuu wa hospitali ya Botkin ya Moscow, ambaye alipigwa vibaya wala hakukubali kukiri alichosingiziwa. Mama Stern peke yake aliachiwa uhai, akapelekwa uhamishoni mbali huko Asia ya Kati.

Lakini kuna mzizi wa zamani zaidi, nao umepandwa katika shamba letu Wakristo. Tusiufiche. Mwaka 1348 tauni ilipoenea Ulaya, ulizuka uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Uvumi huo ulienea katika miji iliyojaa makanisa. Februari 1349, katika mji wa Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa sababu ya maji ambayo hawakuyatia kitu. Kwa hiyo Stalin, mtu asiyemwamini Mungu, hakuhitaji kutunga hadithi mpya. Alikuta mbegu ya Myahudi mtia sumu imo tayari katika udongo, imeachwa na watu waliojiita wa Kristo. Yeye aliimwagilia tu.

BARUA YA DAKTARI LYDIA TIMASHUK

Katika habari hii yuko mwanamke mwingine. Lydia Timashuk alikuwa daktari wa hospitali ya viongozi, mwenye kazi ya kusoma kipimo cha moyo cha umeme. Agosti 1948 aliitwa kumpima Zhdanov. Aliona dalili za mshtuko wa moyo. Wakubwa wake walikataa, wakamruhusu mgonjwa kutoka kitandani. Timashuk aliandika barua kwa mkuu wa ulinzi kueleza kwamba hakukubaliana nao. Siku mbili baadaye Zhdanov alifariki. Daktari yule akahamishiwa kliniki nyingine, na barua yake ikawekwa faili.

Tuseme haki. Inaelekea alikisoma kipimo chake sawasawa. Tena katika barua ile hakumtaja Myahudi hata mmoja, na madaktari aliowalalamikia hawakuwa Wayahudi. Yalikuwa mabishano ya kitabibu, kama yanayotokea katika kila hospitali duniani.

Miaka minne baadaye wapelelezi waliifukua karatasi ile, wakaifanya ushahidi wa njama ya Wayahudi. Januari 1953 Timashuk alitunukiwa nishani ya Lenin, ya juu kabisa katika nchi ile, kwa kuwafichua wauaji. Mwezi uliofuata Pravda liliandika makala ndefu juu ya barua nyingi za pongezi alizozipokea. Mama mmoja aliyekuwa ameona tatizo la kweli la mgonjwa mmoja akageuzwa picha ya ukutani, na nyuma ya picha hiyo watu walikuwa wanateswa.

UVUMI ULIPOFIKA BARAZANI

Sasa tunafika kwa akina mama wa kawaida. Gazeti liliwataja watu 9 tu. Nchi ile ilikuwa na madaktari Wayahudi kwa maelfu, pamoja na wauguzi, wakunga na wauza dawa. Hawakutajwa, lakini kila mgonjwa aliwatazama upya. Wagonjwa walikataa kutibiwa nao. Dawa iliyotolewa na mkono wa Myahudi ilipelekwa nyumbani na kumwagwa. Ukaenea uvumi kwamba katika hospitali za wazazi watoto wachanga wanauawa. Wengi walifukuzwa kazi, hata wale ambao wagonjwa wao walikuwa wakiwapenda kwa miaka mingi.

Tumfikirie mama mmoja wa Moscow katika wiki zile. Ana mtoto mwenye nimonia. Daktari wa mtaani kwao ni yuleyule aliyemtibu mwaka jana, akapona. Leo mama huyo anaishika chupa ya dawa mkononi, anamtazama mtoto anayehema, anakumbuka maneno aliyoyasikia kwenye foleni ya mkate. Akimpa, anaogopa. Asipompa, mtoto ana nimonia. Nani aliyemtilia sumu mama huyu? Si daktari. Sumu aliyokunywa ilipitia masikioni.

Mmoja wa waliokamatwa, usiku wa Februari 1953, alikuwa Profesa Yakov Rapoport, mtaalamu wa kuchunguza maiti ili kujua chanzo cha kifo. Binti yake Natalya alikuwa na miaka 14. Alipokuwa mtu mzima aliandika jinsi watoto wenzake wa jengo lao walivyokuwa wakisimuliana habari za daktari aliyechukua usaha wa maiti zenye saratani na kuwapaka watu wazima. Watoto wale hawakusoma gazeti. Waliyasikia majumbani kwao, wakayachukua hadi uwanjani wanakochezea, na hapo alikuwapo binti wa daktari anasikiliza. Makala yake, iliyotoka mwaka 1988, aliipa kichwa kinachosema kwamba kumbukumbu nayo ni tiba. Sisi wauguzi tunalikubali neno hilo.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi methali hii huwa na busara. Lakini akina mama, tusiifanye amri ya kumi na moja. Katika habari hii lililosemwa halikuwapo, wala halikuja. Hakuna mgonjwa mmoja aliyewekewa sumu. Lilisemwa na gazeti, na redio, na majirani, na bado halikuwapo.

YALIYOTENDEKA GEREZANI

Waliokamatwa katika kesi hii walikuwa watu 37. Madaktari walikuwa 28, na waliobaki walikuwa jamaa zao, hasa wake zao. Mke hakuulizwa kama anajua lolote. Alikamatwa kwa kuwa ni mke.

Walifungwa pingu usiku na mchana, wakanyimwa usingizi, wakapigwa hadi wakatia sahihi maneno waliyoandikiwa. Mwaka 1956 Nikita Khrushchev, aliyekuwa ameshika uongozi wa chama, aliwaambia wajumbe wa mkutano mkuu kwamba Stalin mwenyewe ndiye aliyewaagiza wapelelezi wawapige madaktari. Inasimuliwa kwamba Profesa Vovsi alipotakiwa akiri kuwa pia ni wakala wa Wajerumani, aliwasihi wasimbebeshe hilo, kwa kuwa jamaa zake waliuawa na Wanazi huko Dvinsk.

Tuangalie nyumba moja tu, ya Profesa Etinger. Alikuwa na mtoto wa kulea, jina lake pia Yakov, mzaliwa wa Minsk. Baba mzazi wa kijana huyu alikuwa daktari. Wanazi walipoiteka Minsk mwaka 1941 waliwafungia Wayahudi katika mtaa uliozungushiwa seng'enge, na mtoto huyu akawapoteza wazazi wake. Aliyemwokoa alikuwa yaya wa nyumbani kwao, Maria Kharetskaya. Mama huyu hakuwa Myahudi. Alimtoa mtoto mle kwenye kifungo akamficha, na adhabu ya tendo hilo ilikuwa kifo. Baadaye Israeli ilimwandika jina lake miongoni mwa waadilifu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi.

Profesa Etinger akamchukua kijana yule kuwa mwanawe. Alikuwa ameokoka mkononi mwa Hitler. Mwaka 1950 polisi wa Stalin walimkamata, na wiki chache baadaye wakamkamata baba yake mlezi, na mwaka uliofuata mama yake mlezi, ambaye pia alikuwa daktari. Profesa aliwekwa katika chumba chenye baridi kali, akahojiwa usiku baada ya usiku, hata moyo wake ukashindwa. Kijana alipelekwa kambini, akaachiwa Stalin alipokwisha kufa. Madikteta wawili waliopigana vita vikubwa kuliko vyote walikutana katika nyumba moja na kuonewa kwa mtoto mmoja.

SIKU YA ESTA

Sote tunakijua kitabu cha Esta. Hamani, mtu mkubwa wa mfalme, alimchukia Mordekai akataka kuwaangamiza Wayahudi wote. Mti aliouandaa kwa ajili ya Mordekai akatundikwa juu yake yeye mwenyewe. Wayahudi hukumbuka wokovu huo kila mwaka katika sikukuu ya Purimu.

Mwaka 1953 Purimu iliangukia tarehe 1 Machi. Siku hiyohiyo Stalin alipigwa na kiharusi katika nyumba yake nje ya Moscow. Mlango ulibaki umefungwa, kwa maana walinzi walimwogopa, hakuna aliyethubutu kuingia bila kuitwa. Usiku ndipo walipomkuta sakafuni. Madaktari hawakufika hadi asubuhi ya tarehe 2. Daktari aliyemjua mwili wake kuliko wote, Vinogradov, alikuwa gerezani. Rapoport alisimulia kwamba siku zile mpelelezi wake aliacha ghafla mashtaka, akaanza kumwuliza maana ya aina fulani ya kuhema kwa mgonjwa mahututi. Mfungwa hakujua ni mgonjwa gani anayeulizwa habari zake.

Stalin alifariki tarehe 5 Machi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hatusemi haya kwa kushangilia kifo cha mtu. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha wazi mwisho wa njia ile. Aliyewafundisha watu kuwaogopa matabibu alilala sakafuni bila tabibu.

Tarehe 4 Aprili 1953 Pravda lilitangaza kwamba madaktari hawakuwa na hatia, na kwamba maungamo yao yalipatikana kwa njia zisizokubalika kisheria. Walirudishwa majumbani. Nishani ya Timashuk ilifutwa. Mikhail Ryumin, mpelelezi aliyeipika kesi ile, alihukumiwa, akapigwa risasi mwaka 1954. Mama Stern alirudi kutoka uhamishoni akaendelea na utafiti hadi kifo chake mwaka 1968. Etinger hakurudi. Na wale waliofukuzwa kazi, na watoto waliozomewa shuleni, hakuna tangazo la gazeti lililowaponya kwa siku moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tutofautishe malalamiko na masingizio. Habari hii isimfanye mama yeyote aogope kusema pale anapoona mtoto wake amehudumiwa vibaya. Kosa hospitalini lisemwe, tena mapema. Lakini lisemwe lilivyo. Siku fulani, wodi fulani, dawa fulani, jambo fulani lilifanyika au halikufanyika. Na lipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kulishughulikia. Malalamiko ya haki hutaja tendo. Masingizio hutaja kabila, dini au ukoo. Mara tu unaposikia "hawa watu ndivyo walivyo", jua kwamba mazungumzo yametoka kwenye ukweli.

Pili, tukumbuke kwamba ile amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikupewa mahakimu peke yao. Dikteta wa Moscow alikuwa na askari, magereza na magazeti, lakini hakuwa na uwezo wa kuingia kila jiko. Jikoni uongo wake ulipelekwa na watu wasiomchukia mtu yeyote, waliotaka tu kuwa na habari ya kusimulia. Kule kliniki tunazisikia habari za namna hiyo kwenye mabenchi. Chanjo ile ina kitu ndani, muuguzi yule si wa kwetu usimwamini. Mama mwenye hekima huuliza maswali mawili: wewe uliyaona, au umeambiwa? Na aliyekuambia, yeye aliyaona? Mara nyingi hadithi hufia kwenye swali la pili.

Tatu, tufikirie familia ya mtu aliyetuhumiwa. Sisi hatuna uwezo wa kufungua gereza. Lakini jirani akikamatwa, nyumbani hubaki mke na watoto, na hao ndio ambao mlango wao huachwa kubishwa hodi. Kupeleka unga na maharage kwa mama yule si kuhukumu kesi ya mumewe. Ni kutii Bwana wetu, aliyesema kwamba alilotendewa mdogo wa ndugu zake ametendewa yeye. Maria Kharetskaya hakuwa na cheo. Alikuwa yaya wa kulipwa, naye aliyafanya ambayo maprofesa na maaskofu wengi walishindwa kuyafanya.

Mwisho, tuwaeleze watoto wetu habari hizi. Mtoto hujifunza kuchukia kwa kusikiliza watu wazima wakiongea huku wakidhani amelala. Kwa njia hiyohiyo anaweza kujifunza haki. Asikie mama yake akisema mezani, "Hilo hatulijui, tusiliseme."

KWA VIKUNDI VYA AKINA MAMA

Tunapendekeza maswali haya kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Someni Esta sura ya 3. Hamani alimpa mfalme sababu gani ya kuwaangamiza Wayahudi? Inafanana vipi na habari ya mwaka 1953?

2. Barua ya Lydia Timashuk ilikuwa ya kweli, ikatumika kwa uongo. Tunawezaje kusema kweli kwa namna ambayo itakuwa vigumu kuigeuza?

3. Mtaani kwetu, ni watu gani husemwa kwa jumla, kwamba "wao wako hivi"? Nani kati yetu anamjua mmoja wao kwa jina?

4. Familia gani karibu nasi imeachwa peke yake kwa sababu ya tuhuma? Kikundi kitafanya nini wiki hii?

Tuwaombee madaktari na wauguzi wote wanaofanya kazi huku wakiogopwa au wakidharauliwa kwa ajili ya asili yao, na akina mama wanaowapeleka watoto kwao. Tuonane mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.